Urefu wa ski na unyumbufu wake: jibu kwa muuguzi anayekwenda Hardangervidda

Swali: "Shikamoo kaka. Mimi ni muuguzi, nipo Norwe mwaka wa nne sasa. Misimu miwili ya baridi iliyopita nimejifunza kutembea na ski kwenye njia zinazochongwa na mashine karibu na ninapoishi. Pasaka hii wenzangu wa wodini wamenialika tuvuke nyanda ya juu ya Hardangervidda kwa siku nne, tukianzia Finse na kulala kwenye vibanda. Nina urefu wa sentimita 168 na uzito wa kilo 82, na begi langu litakuwa kilo 13 hivi. Nimeona ski za mtumba za aina mbili. Za kwanza zina sentimita 200, nyembamba, zina makali ya chuma. Za pili zina 185, pana sana mbele, na muuzaji anasema ni laini. Mwenzangu mmoja anasema chukua urefu wako uongeze 25. Dukani wakaniambia kwa uzito wangu ninunue 205. Nimechanganyikiwa. Na huo ugumu na ulaini wanaouzungumzia kila mahali ni kitu gani hasa? Halafu fimbo zangu za kawaida zitafaa?"

Marahaba, mdogo wangu. Jibu kwanza, maelezo baadaye. Za 185 ziache. Za 200 nenda ukazijaribu kwa karatasi, nitakueleza namna, ila nadhani zitakusumbua siku ambazo huna begi. Kama ni mimi ninayekununulia, ningetafuta aina ile ile nyembamba yenye makali ya chuma, urefu wa 190.

Sasa tukae tuzungumze, maana mkanganyiko wako si wako peke yako. Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha nyuma cha duka la kukodisha ski, kazi yangu ikiwa kufunga vifungio vya viatu, kunoa makali na kupaka nta, na karibu kila mteja mgeni huingia na swali la urefu. Hata mimi niliingia hivyo hivyo. Nilipofika Norwe nilikuwa na sentimita 186 na kilo 64, mwembamba kama ufito. Duka moja likanipima kwa macho, likaongeza 25, likaniuzia ski za 210. Mwezi mzima nilipanda vilima kwa mabega. Kila nikisukuma mguu, ski inarudi nyuma. Wazee wa miaka sabini wananipita huku wakipiga soga. Nikadhani ni mimi sijui. Hakuna aliyewahi kuniuliza nina kilo ngapi.

Hapo ndipo mzizi wa mambo ulipo. Ski haina habari na urefu wako. Inachokijua ni mzigo unaoikanyaga.

Chukua ski moja ya mlimani, ile Wanorwe wanayoiita fjellski, uilaze sakafuni. Utaona imegusa chini mbele na nyuma tu. Katikati imeinuka kama upinde. Upinde ule ndio moyo wa ski. Chini ya sehemu iliyoinuka ndiko unakopaka nta inayoshika theluji, au ndiko kiwanda kilikochonga magamba, au ndiko unakobandika kipande cha ngozi. Ncha na mkia hupakwa nta ya kuteleza tu. Ukisimama kwa miguu miwili, uzito wako umegawanyika, upinde unabaki juu kidogo, na unateleza kwa ncha na mikia bila kizuizi. Ukihamishia uzito wote mguu mmoja ili ujisukume mbele, upinde unalala, nta inagusa theluji, inashika, na wewe unakwenda. Ski za mtindo huu zinaendeshwa kwa mchezo huo tu: upinde kulala na kuinuka, kulala na kuinuka, mara elfu kadhaa kwa siku.

Unyumbufu ni kipimo cha nguvu inayohitajika kuulaza upinde huo. Fikiria springi za lori. Fuso tupu likipita barabara ya vumbi linarukaruka, kila bonde linakupiga kiunoni, kwa sababu springi zake zimeundwa kwa shehena ya tani kadhaa na leo hazina kitu. Lipakie mahindi, linatulia. Ukizipakia springi za gari dogo mahindi hayo hayo, tumbo la gari linaburuza chini. Ski ngumu kupita uzito wako ni Fuso tupu: upinde haulali, nta haigusi, unarudi nyuma kwenye kila mwinuko. Ndiyo yaliyonikuta mimi. Ski laini kupita uzito wako ni gari dogo lililozidiwa: upinde umelala muda wote, nta inaburuzika hata unapotaka kuserereka, inakwisha upesi, na theluji ikiwa na unyevu inagandamana chini ya mguu kama ugali uliokauka sufuriani.

Urefu unaingia hapa kwa mlango wa pembeni. Ndani ya aina moja ya ski, kiwanda huziunda zile ndefu ziwe ngumu zaidi, kwa dhana kwamba mtu mrefu ni mzito. Kwa hiyo unaponunua urefu, kwa kweli umenunua ugumu. Kanuni ya kuongeza 25 humfaa mtu ambaye urefu na uzito wake vinalingana na dhana ya kiwanda. Wewe na mimi hatulingani nayo, kila mmoja kwa upande wake. Ndiyo maana mwenzako amekupa 193 na duka limekupa 205, na wote wawili wana sababu: mmoja ametazama kichwa chako, mwingine ametazama mizani.

Kanuni hiyo ina ukoo wake. Zamani mtu alisimama wima, akanyoosha mkono juu, na ski ikafika kwenye kiganja au kifundo cha mkono. Ilikuwa ni mbao, na mbao ilitakiwa iwe ndefu ili imbebe mtu juu ya theluji isiyokanyagwa na njia. Mvumbuzi Mnorwe Fridtjof Nansen na wenzake watano, wawili kati yao Wasami, wenyeji wa kaskazini ya mbali, yaani Samuel Balto na Ole Nielsen Ravna, walivuka Grinlandi mwaka 1888 kwa ski za mbao. Mnorwe mwingine, Roald Amundsen, alipofika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911, katika msafara wake alikuwamo Olav Bjaaland wa kijiji cha Morgedal, bingwa wa ski na fundi wa mbao. Juu ya barafu yenye nyufa, ski ndefu ni daraja. Hardangervidda kwa njia yako ya vibanda haitakudai daraja la namna hiyo.

Njia hiyo itakudai mambo mengine. Ile ni nyanda ya juu, hakuna miti, upepo unavuma bila wa kuuzuia. Kituo cha treni cha Finse kiko mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, na mvumbuzi wa Uingereza Ernest Shackleton alifanyia vifaa vyake majaribio hapo mwaka 1914 kabla ya kwenda Antaktika. Hiyo ikueleze hali ya hewa yake. Theluji ya pale mara nyingi imepigwa na upepo ikawa ngumu, mahali pengine inang'aa kama sahani, mahali pengine imejikunja mawimbi magumu. Poda laini inayofika magotini utaikuta kwenye vibonde vilivyojificha, lakini si chakula cha kila siku. Safari ya kibanda hadi kibanda ni kilomita 15 hadi 25 kwa siku, sehemu kubwa ni tambarare na vilima vya kupanda taratibu. Basi unahitaji ski inayokwenda moja kwa moja, inayoteleza vizuri tambarare, na yenye makali ya chuma ili usikokotwe na upepo pembeni unapokatiza mteremko wenye barafu.

Kwa kazi hiyo ski nyembamba inashinda. Nyembamba maana yake kiunoni, chini ya kiatu, iwe na milimita 54 hivi, na mbele iwe 65 au zaidi kidogo. Hizo 185 ulizoziona, kama ni za jamii ninayoifikiria, mbele zina milimita 100 au 110 na kiuno chake karibu 80. Baadhi ya viwanda huandika upana wa mbele kwenye jina lenyewe: Fischer S-Bound 112 ina milimita 112 mbele. Ski kama hiyo ni raha kwenye msitu wenye theluji nyingi na vilima vifupi vya mwinuko. Inaelea, inapinda kirahisi, inasamehe makosa. Lakini tambarare ya kilomita 20 kwa ski pana na laini, ukiwa na kilo 95 juu yake, ni kama kutembea na kanda mbili kwenye mchanga mkavu. Unafika, ila unafika umechoka na wenzako wamekwishakunywa chai. Zaidi ya hapo, unapokatiza mteremko mgumu kwa ski pana, kiatu laini cha mlimani hakina nguvu ya kuyakandamiza makali yashike. Kifundo cha mguu ndicho kinacholipa.

Hizo kilo 95 nimezipata kwa kujumlisha 82 na 13. Watu wengi husahau begi. Tena begi lenyewe halijakwisha: viatu vya mlimani ni vizito, nguo za upepo, chupa ya chai mfukoni. Wewe kwenye mizani ya bafuni na wewe kwenye theluji siku ya pili ya safari ni watu wawili tofauti. Kama ungekuwa unavuta sleji badala ya kubeba, hesabu ingebadilika, kwa sababu sleji inabeba uzito wake yenyewe na kwako inabakiza kazi ya kuvuta, na kuvuta kunataka nta ishike sana. Hapo ningekushawishi uende upande wa ulaini kidogo.

Sasa kwa nini nisikubaliane na duka, ambalo limezitazama kilo zako kama ninavyozitazama mimi? Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba safari ya begi ni siku nne. Baada ya Pasaka ski hizo utazitumia Jumapili ukiwa na mfuko mdogo wa chungwa na chupa ya maji, na hapo wewe ni kilo 84 au 85. Ski iliyochaguliwa kwa kilo 95 itaanza kukurudisha nyuma. Ya pili ni kwamba bado unajifunza. Mtu mwenye misimu miwili ya njia za mashine hajazoea kuhamisha uzito wote mguu mmoja. Huwa anajigawa, asilimia kidogo huku, kidogo kule. Kosa hilo kwenye ski laini kidogo halionekani. Kwenye ski ngumu linaonekana kila hatua. Isitoshe, sentimita 15 zinazopungua utazishukuru siku utakayoanguka na kutaka kugeuza miguu iliyosokotana kama uzi wa mfumaji.

Bei ya uamuzi huu ni kwamba siku nne za begi zitakuwa na mwendo mzito kidogo kwenye tambarare, kwa sababu upinde wa 190 utakaa karibu na theluji kuliko inavyopendeza. Ninaikubali bei hiyo. Mlimani mshiko una thamani kuliko kasi. Kwenye mashindano ni kinyume, na huko, kwa taarifa yako, mafundi huchagua ski kwa kilo za mwanariadha. Nakwambia hili kwa sababu wenzako lazima watakutajia Philip Boit, yule Mkenya aliyekimbia kilomita 10 kwa ski kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998 akamaliza wa mwisho, na Mnorwe Bjørn Dæhlie, aliyeshinda, akamsubiri mwishoni amkumbatie. Kila Mnorwe mwenye umri wangu anaijua hadithi hiyo na kila mmoja anadhani ndiye wa kwanza kukusimulia. Vumilia.

Tuje kwenye karatasi. Jaribio hili ni la zamani na halijapata mpinzani mwenye bei nafuu. Unahitaji sakafu ngumu na iliyonyooka, ya mbao au saruji, bila zulia, na karatasi moja nyembamba. Risiti ndefu ya dukani inafaa kabisa. Tafuta kwanza mahali ski inapojipima: ilaze juu ya kidole mpaka isimame bila kuelemea mbele wala nyuma. Hapo, kwa ski za aina hii, ndipo panapokaa ncha ya kiatu, mahali pini au kipande cha chuma kinaposhika. Kama kifungio tayari kimefungwa, angalia kama kimefungwa hapo. Niliwahi kupokea ski zilizofungwa sentimita nne mbele ya mizani yake, mwenye nazo akilalamika kwamba zinamzamisha pua.

Laza ski zote mbili, simama juu yake kwa uzito uliogawanyika sawa, na mtu mwingine apitishe karatasi chini ya katikati. Kwa mtu asiye na begi, karatasi itembee kwa uhuru kuanzia usawa wa kisigino mpaka sentimita 20 hadi 40 mbele ya vidole. Kisha hamishia uzito wote mguu mmoja, usimame kabisa, sio kuegemea ukuta. Karatasi inabidi ibanwe isitoke. Ikiwa bado inachomoka, ski hiyo ni ngumu kwako, basi, usisikilize hadithi nyingine. Ikiwa hata kwa miguu miwili karatasi haipiti, ni laini kwako.

Wewe fanya mara mbili: mara ya kwanza hivyo ulivyo, mara ya pili ukiwa na begi la kilo 13 mgongoni. Chupa za maji ndani ya begi zinatosha, lita moja ni kilo moja. Ninavyotabiri mimi, kwenye za 200 karatasi itabanwa ukiwa na begi na itachomoka ukiwa huna. Kwenye 190 itabanwa mara zote mbili, na ukiwa na begi na miguu miwili itapita kwa kukwaruza. Hicho ndicho ninachokitaka. Lakini utabiri wangu ni utabiri. Aina mbili zenye urefu mmoja na upana mmoja zinaweza kutofautiana ugumu vibaya sana, hata jozi mbili za kiwanda kimoja hazifanani kabisa. Kama za 200 zitakubana karatasi bila begi, chukua, na unisamehe kwa maneno mengi.

Utaona wazee wakizibana ski mbili mgongo kwa mgongo kwa mikono wakisikilizia nguvu. Mimi mwenyewe hufanya. Inasaidia kulinganisha jozi mbili zilizo mbele yako, basi. Mkono wa nani ulipimwa kwa kilo?

Kuna ugumu mwingine wa aina mbili ambao karatasi haiujui, na muuzaji wako aliposema "laini" huenda alimaanisha huo. Mmoja ni wa ncha. Simamisha ski, shika karibu na ncha, vuta kuelekea kwako. Ncha inayokubali kupinda hupanda juu ya tuta la theluji na kuendelea. Ncha ngumu huchoma ndani yake, na kwenye theluji yenye ganda jembamba juu hupita chini ya ganda ukabaki umesimama kama umefungwa kamba. Kwa begi zito na wewe uliyeanza juzi, nataka ncha ya wastani, sio mbao. Wa pili ni wa kusokota. Shika ncha kwa mkono mmoja na katikati kwa mwingine, uisokote kama unakamua nguo. Ikisokotwa kirahisi, makali yake hayatashika kwenye barafu, hata ukiyanoa vipi. Nyembamba nzuri za mlimani husokoteka kidogo sana.

Kwa kuwa ni mtumba, zitazame kwa jicho la mtu anayenunua gari. Upinde huchoka. Zikutanishe mgongo kwa mgongo bila kubana; katikati kuwe na uwazi unaoonekana, na ski zote mbili ziwe na uwazi sawa. Moja ikiwa imelala kuliko nyenzake, jozi hiyo ina hadithi. Pitisha ukucha kwenye maungio ya tabaka pembeni, hasa mkiani, uone kama yameachana. Kutu nyekundu kwenye makali hutoka kwa jiwe la kunolea. Makali yaliyochomoka hayatengenezeki kwa bei ya maana. Hesabu matundu ya skrubu ya vifungio vya zamani, maana ski iliyotobolewa mara tatu kiunoni imepungua nguvu mahali inapozihitaji zaidi. Na kabla hujalipa, jua kiatu chako ni cha mfumo gani. Ule wa pini tatu wa milimita 75 ni wa Mnorwe Bror With, aliyetoa kifungio chake mwaka 1927 akakiita Rottefella, mtego wa panya, na bado uko madukani. NNN BC ni mwingine, wenye chuma kimoja mbele ya kiatu. Kiatu cha mfumo huu hakiingii kwenye ule. Nimeona watu wakigundua hilo stesheni ya Finse, treni ikishaondoka.

Kitu kimoja kinaweza kukuokoa ukijikuta na ski ngumu kidogo: ngozi fupi. Nyingi za ski nyembamba za siku hizi zina tundu au mfereji katikati wa kushikizia kipande cha ngozi chenye manyoya yanayolala upande mmoja. Ngozi ni nene kuliko nta, hivyo inagusa theluji hata upinde usipolala wote. Ukinunua za mtumba uliza kama zina sehemu hiyo, na kama ngozi yake ipo. Ibebe Hardangervidda hata ukiwa hodari wa nta, kwa ajili ya mchana wa jua theluji inapolainika na kila rangi ya nta inakukataa. Nta yenyewe ni somo jingine. Kwa Pasaka bluu kwa baridi chini ya sifuri, zambarau karibu na sifuri, na zikishindwa zote, ngozi.

Ukisoma huku na huku utakutana na ushauri unaopingana kabisa na huu wangu: ski fupi kati ya kidevu na paji la uso, kiuno milimita 85 hadi 100, ngumu chini ya mguu na laini nchani. Si uongo, ni mchezo mwingine. Hao ni wapandaji wa vilele vikali vya huku Norwe, vya Lyngen au Romsdal, wanaopanda wakiwa wamebandika ngozi kwenye ski nzima na kushuka visigino vikiwa vimefungwa. Ngozi nzima haihitaji upinde kulala ndipo ishike, kwa hiyo ugumu wao unazungumzia kushuka tu: ski inavyotulia kwenye kasi, inavyoitikia kona, na uzito wa kila mguu unaoinua mara elfu. Sentimita zinazozidi huwasumbua kwenye kona kali za kupanda, mkia unapogonga mlima. Siku ukialikwa huko niandikie tena, na kabla ya ski tuzungumze maporomoko ya theluji, kwa sababu miteremko inayozidi nyuzi 30 ndiyo inayoua.

Hata kwenye nyanda yako, msiache kusoma tahadhari za maporomoko kwenye varsom.no kila asubuhi mnapopata mtandao, na mwulize kiongozi wa msafara wenu kama njia imesimikwa vijiti msimu huo. Chama cha utalii, DNT, huweka vijiti hivyo kati ya vibanda kabla ya Pasaka. Kwenye ukungu mweupe kijiti kimoja mbele yako kina thamani kuliko ski yoyote niliyowahi kuifunga. Kati ya kanuni tisa za mlimani ambazo Wanorwe hufundishwa tangu utoto, ya nane inasema geuka mapema, kugeuka si aibu. Ukisikia mwili umekataa siku ya kwanza, sema siku ya kwanza.

Fimbo sasa. Za njia za mashine huwa zinafika begani au karibu yake, na sahani yake ya chini ni ndogo, nusu duara. Sahani hiyo kwenye theluji isiyochongwa inazama mpaka kiwiko. Kwa urefu wako tafuta za sentimita 135 hadi 140, zifike kwapani, zenye sahani pana ya duara. Zinazorefuka na kufupika ni bora, upunguze unaposhuka. Na kitanzi kiwe kikubwa cha kupitisha glovu nene. Jaribu dukani ukiwa umevaa glovu zenyewe, hata kama watakuangalia.